Kutembea Msituni na Watoto kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili wa Kwenda na Kurudi kwa Wakati

Kila likizo wazazi huniuliza maswali yaleyale. Mbona njia tuliyoambiwa ni ya saa mbili imetula siku nzima? Mbona mtoto aligoma kabisa kutembea tulipofika katikati? Mbona giza lilitukuta ndani ya miti na jua lilikuwa bado halijazama?

Kosa karibu kila mara ni moja: safari ilipangwa kwa miguu ya mtu mzima, ikaja kutembewa kwa miguu ya mtoto. Mimi pia nimewahi kumbeba mwanangu mgongoni kilomita 2 za mwisho, gizani, nikipapasa mizizi kwa ncha ya kiatu, kwa kosa hilohilo. Sitaki limkute mzazi mwingine.

Mwongozo huu unahusu matembezi ya siku moja kwenye njia iliyotengenezwa na yenye alama, bila kulala msituni. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Za mwanzo zinafanyika nyumbani, na ndizo ambazo watu huziruka.

## Vitu vya kuandaa

Vya kila mtu, mkubwa kwa mdogo:

- viatu vilivyofungika vizuri, vyenye soli ya meno, ambavyo vimeshavaliwa
- soksi za sufu au za nyuzi za viwandani, pamoja na jozi moja ya akiba
- suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu, kwa ajili ya miiba, kupe na mimea inayowasha
- koti la mvua, na sweta moja
- filimbi iliyofungwa shingoni au kwenye kamba ya begi
- chupa ya maji

Vya kundi zima, kwenye begi la mtu mzima:

- ramani ya karatasi, hata kama mna simu
- tochi mbili, afadhali za kuvaa kichwani, na betri za akiba
- simu yenye chaji kamili na chaja ya kubebea mfukoni
- chakula cha mchana na vitafunio, kwa kiasi kinachozidi mahitaji kidogo
- sanduku dogo la huduma ya kwanza: plasta, bandeji ndefu, shashi, dawa ya kusafishia vidonda, kibano chenye ncha nyembamba, dawa za maumivu za watoto na za wakubwa, na pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini
- dawa anazotumia yeyote kati yenu kila siku
- dawa ya kufukuza wadudu
- mbeleko au kitambaa kipana cha kubebea mtoto, hata kama mtoto anasema ameshakuwa mkubwa
- mfuko wa taka, karatasi za chooni na kijiko kigumu cha kuchimbia

Acha suruali za jinzi nyumbani. Zikilowa zinakuwa nzito, zinachubua mapaja na hazikauki. Soksi za pamba nazo zina kasoro kama hiyo: zinashika jasho, ngozi inalainika, na malengelenge yanafuata.

Mtoto abebe begi lake dogo, kwa sababu anayebeba maji yake hujiona mmoja wa wasafiri. Lakini uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake. Mtoto wa kilo 20 asibebe zaidi ya kilo 2, na maji yakiwemo.

## Hatua ya 1: Chagua njia kwa saa, si kwa kilomita

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wapanda milima wana kanuni ya mwaka 1892, iliyotolewa na Mskoti William Naismith. Kanuni hiyo inahesabu kilomita 5 hivi kwa saa, kisha inaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni nzuri kwa mtu mzima mwenye afya anayetembea bila kusimama. Muda ulioandikwa kwenye vibao vingi vya njia unafanana na mwendo wa namna hiyo. Haukumfikiria mtoto anayesimama kutazama jongoo kwa dakika 8.

Mimi hutumia hesabu hii, na haijaniangusha:

- Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anayetembea mwenyewe: kilomita 1 kwa saa.
- Mtoto wa miaka 5 hadi 8: kilomita 2 kwa saa.
- Mtoto wa miaka 9 hadi 12: kilomita 3 kwa saa.
- Kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 15.

Hesabia mdogo kuliko wote. Kuwa na wakubwa wengi hakuongezi mwendo wa kundi hata kidogo.

Chukua mfano. Njia ni ya mzunguko, kilomita 6, na kupanda kwake kote ni mita 200. Kwa kanuni ya Naismith ni kama saa moja na nusu. Ukiwa na mtoto wa miaka 6, kilomita 6 ni saa 3, na kupanda ni dakika 30, jumla saa tatu na nusu. Ongeza dakika 45 za chakula cha mchana. Kisha ongeza saa nzima ya akiba, ya kutafuta kofia iliyodondoka, ya choo, ya mtoto kulia. Imekuwa saa 5 na dakika 15. Mkianza saa 3 asubuhi, mnatoka saa 8 na robo mchana.

Sasa angalia saa ya machweo ya siku hiyo mahali mnakokwenda, na uhakikishe mnatoka walau saa mbili kabla yake. Chini ya miti mikubwa giza linaingia mapema kuliko uwandani, na mizizi ndiyo ya kwanza kupotea machoni.

Kwa safari ya kwanza, njia isizidi saa 3 kwa hesabu hii, akiba ikiwemo. Na kama kuna njia ya mzunguko na njia ya kwenda na kurudi palepale, chagua ya pili. Mnaweza kugeuka popote mkiwa mnajua kila hatua ya kurudi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na saa tatu zilizoandikwa kwenye karatasi: ya kuanza, ya kugeuka, na ya kutoka. Ya kugeuka nitaieleza kwenye Hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Jaribu viatu wiki moja kabla

Kila mtu avae viatu vya safari na soksi zake, atembee saa moja mfululizo, ikiwezekana mahali penye kupanda na kushuka. Mtoto akivua, kagua visigino na vidole. Palipo pekundu leo ndipo patakapokuwa na lengelenge msituni.

Bonyeza ncha ya kiatu mtoto akiwa amesimama. Kusiwe na chini ya upana wa kidole gumba kati ya vidole na ncha, la sivyo kwenye mteremko kucha zitagonga mbele na maumivu hayo hayavumiliki. Kiatu kipya kisianze kazi siku ya safari.

## Hatua ya 3: Jioni ya kuamkia safari

Angalia utabiri wa hali ya hewa wa mahali penyewe, si wa mjini kwenu. Kila mita 100 mnazopanda, joto hupungua kwa karibu nusu nyuzi au zaidi kidogo. Wingu likiingia na mtoto ana jasho, baridi itamshika haraka. Utabiri ukitaja radi, ahirisha. Mvua ya kawaida inavumilika kwa koti, radi haina koti.

Mwandikie ndugu au rafiki asiyekwenda nanyi ujumbe wenye mambo matano: jina la njia, mahali mnapoacha gari au mnaposhukia, idadi yenu, saa ya kutoka, na saa ambayo akiwa hajasikia kitu aanze kupiga simu za msaada. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Bila saa maalumu, mtu atajiambia kuwa labda mmechelewa tu, na usiku utapita hivyo.

Pakua ramani kwenye simu ili ifunguke bila mtandao. Uliza kama msitu una kibali cha kuingia, saa za kufungwa, au sharti la kuwa na mwongozaji. Andika namba ya askari wa msitu na ya huduma za dharura kwenye karatasi, kwa sababu namba iliyo ndani ya simu iliyozimika haipo.

Pangeni mabegi usiku huo, na watoto wapange ya kwao. Asubuhi ni ya kula na kuondoka.

## Hatua ya 4: Dakika kumi penye mwanzo wa njia

Msikimbilie kuingia. Fanyeni mambo haya kwanza.

Mpige kila mtoto picha ya mwili mzima, kisha picha ya soli ya kiatu chake. Akipotea, utawapa watafutaji nguo halisi alizovaa na alama ya mguu wake, na hutategemea kumbukumbu ya mzazi aliyechanganyikiwa. Nguo za rangi kali, nyekundu au ya chungwa, zinaonekana mbali kati ya majani kuliko kijani na kahawia.

Piga picha pia kibao cha ramani cha mwanzo wa njia.

Halafu wafundishe watoto kanuni moja, na waitamke wenyewe: nisipowaona wenzangu, nasimama, nashika mti ulio karibu, napiga filimbi mara tatu, na sitoki hapo. Mtoto aliyetulia mahali pamoja hupatikana. Anayetembea akitafuta wazazi huzidi kwenda mbali, na eneo la kumtafuta linapanuka kila dakika. Mwambie waziwazi kwamba hatagombezwa. Watoto wengine waliopotea hujificha wakisikia wageni wanawaita kwa sauti kubwa, wakidhani wana makosa. Ajue kuwa watu wanaoita jina lake wamekuja kumsaidia.

Fanyeni jaribio hapohapo. Mtoto aende nyuma ya mti wa karibu, ashike shina, apige filimbi, nanyi mumfuate. Kwake ni mchezo, lakini mwili unakariri.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Inapohangaika kutafuta mtandao ndani ya bonde, betri huisha haraka. Simu nyingi huendelea kuonyesha mahali mlipo kwa setilaiti hata zikiwa katika hali hiyo.

## Hatua ya 5: Mwendo

Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afunge msafara, watoto wawe katikati. Anayefunga msafara asipitwe nyuma na mtu yeyote. Aliye mbele akifika njia panda, asimame na asubiri hadi wa mwisho afike. Watu wengi hutengana penye njia panda, wa mbele akidhani wa nyuma wamemwona alikopita.

Ukiwa mtu mzima peke yako, mtoto mkubwa atangulie hatua kumi mbele yako na asizidi hapo, nawe ukae nyuma.

Dakika kumi za kwanza tembeeni polepole kuliko mnavyotaka. Watoto huanza kwa mbio, na pumzi wanayoipoteza hapo wataidai baadaye. Baada ya dakika 15, simameni mara moja: vueni sweta, rekebisheni kamba za viatu, muulize kila mtoto kama kuna panapomuuma mguuni. Jibu lolote isipokuwa hapana lina maana ya kuvua kiatu sasa hivi. Plasta iliyobandikwa kwenye wekundu huzuia lengelenge. Ikibandikwa juu ya lengelenge, inapunguza maumivu tu.

Kisha pumzikeni dakika 5 kila baada ya dakika 30 au 40. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara yanafaa kuliko moja refu, kwa sababu mtoto akikaa sana miguu inapoa na kuanza upya kunakuwa vita.

Mtoto anayechoka mara nyingi amechoka akili kabla ya miguu. Mpe kazi: ahesabu alama za njia, atafute majani ya maumbo matano, awe mtangulizi hadi kwenye daraja. Nimeona mtoto aliyekuwa amekaa chini akikataa katakata, akiinuka na kwenda kilomita nzima kwa sababu amekabidhiwa ramani.

Alama za njia zihesabuni kwa kweli. Mkitembea dakika kumi bila kuona alama mahali ambapo zilikuwa zikionekana mara kwa mara, rudini hadi ya mwisho mliyoiona. Msikate njia kupitia vichakani kwa kudhani mtatokea mbele.

Maji na chakula. Mtu mzima atahitaji kama nusu lita kwa saa ya kutembea, mtoto kama robo lita, na zaidi kukiwa na joto. Msingoje kiu. Kila pumziko ni mafunda machache. Mkojo wa rangi ya manjano iliyokolea ni dalili kwamba maji hayatoshi. Maji ya kijito msiyanywe hivihivi hata yakiwa maangavu. Yachemke walau dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Chakula kiwe kidogo kidogo, kuanzia saa ya kwanza. Hasira ya ghafla ya mtoto msituni mara nyingi ni njaa.

Choo. Nendeni hatua 80 hivi za mtu mzima kutoka kwenye maji na njia, chimbeni shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha mfukie. Karatasi zirudi kwenye mfuko wa taka. Mtoto asiende peke yake.

## Hatua ya 6: Saa ya kugeuka

Hii ndiyo hatua ninayoitetea kwa nguvu zote. Mwongozo huu ukisahaulika wote, hii ibaki.

Kabla ya kuondoka mliandika saa ya kugeuka. Kwa mfano wetu wa kilomita 6, tuliouanza saa 3 asubuhi, mimi ningeandika saa 5 na robo. Saa hiyo ikifika tukiwa hatujapita nusu ya njia, tunageuka na kurudi tulikotoka. Hakuna mjadala, hata kama maporomoko ya maji yanasikika mbele.

Sababu zake ni za mwili. Kurudi si kwepesi kuliko kwenda. Misuli ya mapaja huumia zaidi kwenye mteremko, magoti ya wakubwa yanalalamika, mtoto aliyechoka anakwaa mizizi, na ajali nyingi za kifundo cha mguu hutokea saa za mwisho. Akiba yote ya muda mliyoiweka ni ya kurudia, si ya kwendea.

Weka kengele ya simu ilie wakati huo, na uwaambie watoto mapema kuwa ikilia tunageuka. Hivyo inayowageuza ni kengele, na mzazi haonekani kuwanyima kitu.

Mkipoteza saa, pimeni jua. Nyoosha mkono mbele, kunja kiganja kilale, na hesabu vidole vinavyoingia kati ya jua na upeo wa macho. Kila kidole ni kama dakika 15 zilizobaki kabla ya machweo. Msilikodolee jua lenyewe, na kumbukeni kipimo hiki kinahitaji upeo ulio wazi; kilima kilicho mbele yenu kitawadanganya.

Sababu nyingine za kugeuka bila kungoja saa ni ngurumo ya kwanza, maji ya kijito yanayopita magoti ya mtoto au yaliyobadilika rangi kuwa ya tope ghafla, na maji ya kunywa yaliyofika nusu mkiwa bado mnakwenda.

Utajua umefanikiwa mkifika mwisho wa njia watoto wakiwa bado na nguvu ya kubishana nani atangulie.

## Hatua ya 7: Mambo yakiharibika

Radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa 3, utapata umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ondokeni kwenye vilele na sehemu za wazi, msikae chini ya mti mrefu uliojitenga, na subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Gari lililofungwa au jengo imara ndicho kimbilio halisi. Miti mifupi iliyosongamana ni afadhali tu.

Nyuki. Wakianza kushambulia, funikeni uso na mkimbie, mtu mzima ambebe mtoto. Msiwapigepige na msiingie majini, kwani hungoja juu. Mwiba uondoeni upesi kwa kukwangua na ukucha. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni dharura, tafuteni hospitali mara moja. Mwenye sindano ya mzio aliyoandikiwa na daktari aitumie papo hapo.

Nyoka. Wengi watawapisha mkiwapa nafasi. Akiuma, ondokeni alipo, mvueni aliyeumwa pete, bangili na kiatu cha mguu huo kabla haujavimba, asitembee kama anaweza kubebwa, na afikishwe hospitali. Msichanje, msifyonze, msifunge kamba ya kukaza.

Kifundo kilichoteguka. Kiatu kibaki mguuni ikiwa mnatembea kutoka, kwa sababu ukivua uvimbe hautakuruhusu kukirudisha. Fungeni bandeji juu yake. Mtoto aingie kwenye mbeleko.

Mmepotea kundi zima. Kaeni chini. Kunyweni maji. Tazameni ramani na picha ya kibao. Kama kuna njia mnayoikumbuka kwa hakika, rudini nayo. Kama haipo, bakini pamoja hapo mlipo, vaeni sweta mapema, pigeni filimbi mara tatu kisha mtulie, na mrudie. Yule ndugu mliyemwandikia ujumbe ana saa yake.

## Hatua ya 8: Mkishatoka

Mtumieni ndugu huyo ujumbe kabla ya kuingia garini, la sivyo ataanza kuhangaisha watu bure.

Nyumbani, kagua miili ya watoto nguo zikiwa zimevuliwa: nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kitovuni, kwenye kinena, nyuma ya magoti. Kupe aliyeshika mng'oe kwa kibano, ukimkamata karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja juu, polepole, bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Osha mahali hapo na uandike tarehe. Homa au upele ukitokea wiki zinazofuata, mwambie daktari kuhusu kupe huyo.

Kisha, kabla hamjalala, andika kwenye ile karatasi saa mliyotoka kwelikweli, pembeni ya saa mliyokuwa mmeipanga. Kama mlitembea kilomita 6 kwa saa 4 badala ya tatu na nusu, mwendo wenu halisi sasa mnaujua, na njia ijayo mtaihesabu kwa namba hiyo, si kwa yangu.